Dakika za Jaketi

Jumatatu, 4 Machi

Nimewaficha watu wa nyumba hii jambo moja. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki, na mtu aliyesoma anajua maana yake, kwa hiyo naliandika. Yule "Mpenda Haki" anayemwandikia kocha wa mpira wa kikapu barua za malalamiko ni mimi.

Barua tatu mpaka sasa, pamoja na ya leo. Wino wa kijani. Aya zenye namba. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na moja. Kuandika aya isiyo na namba kwangu ni kama kutoka nje bila suruali.

Sababu ni mjukuu wangu. Ana miaka kumi na tisa, anasomea ufundi umeme, na huu ni msimu wake wa kwanza katika timu ya wanawake ya mtaa wetu. Nafasi yake ni ya yule mfupi anayepanda na mpira na kuwagawia wengine. Anaipenda kuliko chakula. Mechi sita zimechezwa. Amecheza dakika saba na nusu, zote zikijumlishwa. Muda mwingine yuko benchi, jaketi la timu limefungwa zipu mpaka kidevuni. Halivui, kwa kuwa hakuna sababu ya kulivua. Wenzake wakamwita Jaketi. Sasa hata mama yake, binti yangu, anamwita Jaketi. Nami pia, Mungu anisamehe.

Nina ombi moja tu lililobaki duniani: nimwone akicheza kabla sijaondoka. Kucheza hasa. Si kuingia na kutoka kama mtu aliyesahau mwavuli.

Barua ya leo ni kali. Jana niliipima mechi kwa saa yangu ya mkononi, ile ile niliyopimia vipindi vya walimu wavivu. Saa moja na dakika arobaini na nane! Kocha anadai mechi ni dakika arobaini. Dakika sitini na nane zimeliwa na nani? Aya ya tatu ina neno moja tu: "Inashangaza."

Barua nimemkabidhi muuguzi aliyekuja kunifunga bandeji za miguu, aipeleke ukumbi wa mpira. Miguu imevimba, moyo umechoka kusukuma, ndivyo wanavyosema. Muuguzi akauliza kama nina mchumba huko ukumbini. Nikamwambia ni siri ya serikali. Alicheka mpaka akaikosea bandeji akaanza upya.

Jumanne, 5 Machi

Kinyozi amekuja. Jirani wa mlango wa pili. Amestaafu mkasi, mdomo bado uko kazini. Mjukuu wake ndiye Kimbunga, anayecheza nafasi ile ile ya Jaketi na kuanza kila mechi. Kiti hakijapata joto akanitajia: dakika thelathini na tatu. Pointi kumi na nne. Akauliza wangu alikuwa wapi, maana yeye alimwona msichana mmoja anagawa chupa za maji kwa ustadi mkubwa.

Nikamwambia maji ni uhai. Jibu hafifu. La maana nimelipata saa mbili baadaye, keshakwenda.

Halafu akajitia wema. Ati Alhamisi awe anakuja kukaa nami ili Jaketi aende mazoezini. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri. Jumanne binti yangu hufunga cherehani mapema, kwa hiyo yupo. Alhamisi hupeleka sare za shule kwa wateja, harudi mpaka saa moja. Jaketi huwa tayari kavaa raba, na hapo ndipo kifua hunibana. Sijui kwa nini Alhamisi. Mwili una ratiba yake.

Nikamjibu Kinyozi kwamba kuliko kulindwa na yeye, heri nilindwe na paka. Akasema paka ana kazi zake.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Nimemwambia binti yangu aishone upya namba ya fulana ya Jaketi, iwe kubwa mara mbili, ili kocha aione kwa urahisi. Akaniuliza, pini zikiwa mdomoni, namba hiyo itaonekanaje chini ya jaketi. Nikasema basi ashone namba juu ya jaketi. Akatoa pini zote mdomoni ili aweze kunijibu vizuri. Nimelala mapema kuliko kawaida.

Alhamisi, 7 Machi

Kifua. Saa tisa na nusu kamili. Nilikohoa, sikusikika. Nikakohoa tena. Jaketi alikuwa mlangoni na begi begani. Akanitazama. Akashusha begi, akavua raba, akaziweka chini ya kiti changu kwa utaratibu, kama mtu anayeegesha gari.

Baada ya robo saa nikapata nafuu. Ajabu.

Alasiri ilikuwa nzuri mno. Akanisomea gazeti kuanzia matangazo ya vifo, maana napenda kujua nani amenitangulia. Akanikata kucha za miguu, kazi ambayo mama yake huifanya kama anang'oa misumari. Kisha akadunda mpira chumbani kwa mkono wa kushoto, mkono wake mbovu, mimi nahesabu. Tulifika mia nne na kumi na mbili. Ukagonga kabati. Bilauri ikavunjika. Tukakubaliana kumsingizia paka.

Nikampa mawaidha juu ya subira. Mvumilivu hula mbivu, nikamwambia. Akasema, Babu, mbivu zenyewe anazila Kimbunga, mimi naachiwa kokwa. Tukacheka mpaka ikabidi aniinue mto.

Nikamuuliza kwa nini kocha hampangi. Akasema kocha ana sababu zake. Nikasema nitazijua tu. Akasema, Babu, na wewe subiri basi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Jana kocha aliisoma barua yangu mbele ya timu nzima. Kimbunga kamsimulia Jaketi, Jaketi katusimulia kwenye chai ya asubuhi.

Kumbe saa ya mchezo husimama. Mpira ukitoka nje, saa inasimama. Refa akipuliza, inasimama. Kocha akiita timu, inasimama. Zile dakika sitini na nane hazikuliwa na mtu. Zilikuwa zimesimama tu mahali, kama mimi.

Timu ilicheka hadi kulala sakafuni. Kimbunga sasa akichelewa anasema dakika zake zimeliwa. Binti yangu akauliza ni mpumbavu gani huyo. Nikasema elimu imeshuka sana siku hizi. Nikaomba sukari.

Jaketi hakucheka. Alisema wenzake wanadhani barua zinatoka kwa mtu wa kwao, maana nani mwingine angemtetea yeye. Alisema anaona haya kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Kisha akachukua begi akaenda chuoni. Chai yake ameiacha nusu.

Hilo sikulitarajia. Nimekitazama kikombe kile mpaka kikapoa.

Mpenda Haki amestaafu leo. Itafutwe njia nyingine. Nimefikiri mchana kutwa, na nimeiona: ninayo silaha ambayo mzazi mwingine yeyote hana. Ninakufa. Ombi la mtu anayekufa halikataliwi. Nimemwandikia kocha kwa jina langu halisi, kwa heshima zote, aje anione. Aya tano, zenye namba. Wino wa kijani, ndio uliokuwepo. Muuguzi ameipokea akasema mchumba huyu ana bahati, anaandikiwa kuliko benki.

Jumapili, 10 Machi

Mechi ya nyumbani. Ukumbi uko mitaa miwili kutoka hapa. Binti yangu alinisukuma kwa kiti cha magurudumu, nikamwomba anipachike karibu na benchi la timu, kwa ajili ya hewa. Mbinu: kila kocha akipita, nikohoe kwa huzuni, aone kwa macho yake anachoninyima.

Robo ya kwanza nilikohoa. Ya pili nikakohoa zaidi. Ya tatu kocha akageuka. Nikasema moyoni, sasa! Akamwambia Jaketi amletee mzee maji.

Akaniletea. Akainama, akaninong'oneza: Babu, tafadhali.

Kinyozi alikuwa juu jukwaani akimwita mjukuu wake simba, chui, treni ya mizigo.

Zilipobaki sekunde arobaini, tukiwa mbele kwa pointi ishirini, Jaketi akaingizwa. Alipata mpira mara moja tu. Akaurusha kwa mwenzake, kulia. Mwenzake alikuwa ameshakimbilia kushoto. Mpira ukaenda peke yake, ukadunda mara mbili, ukaishia mapajani mwa mzee mmoja aliyekuwa anasinzia. Aliamka akaukumbatia. Ukumbi mzima ukacheka.

Kurudi nyumbani alinisukuma yeye. Tulipopita kwenye mawe nikahisi vishikio vinatetemeka, na mawe yalipokwisha vikaendelea kutetemeka. Nilitaka kusema jambo la maana. Nikasema gurudumu la kushoto linahitaji mafuta.

Jumatatu, 11 Machi

Kocha amekuja! Mchana ni karani wa posta, jioni ni kocha. Alitokea moja kwa moja kazini, sare ya posta mwilini, filimbi shingoni. Nilijiandaa. Blanketi mpaka kidevuni. Dawa zote mezani, nimezipanga kwa urefu, pamoja na chupa zilizokwisha. Nikaanza hotuba ya mtu anayekufa.

Akaniacha mpaka aya ya pili. Kisha akafungua mkoba, akatoa barua nne, akazipanga juu ya blanketi moja moja kama karata. Tatu za Mpenda Haki. Moja yangu. Kijani, kijani, kijani, kijani.

Akasema alipokuwa darasa la tano niliikagua shule yao. Nilimwandikia mwalimu wake taarifa ya aya kumi na moja, na mwalimu kwa uchungu akaibandika ukutani mwaka mzima. Mwandiko wangu anaujua kuliko wa mama yake mzazi.

Nikaomba maji.

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu bei ya stempu. Jumanne ni mbio na kurusha. Alhamisi ndiyo siku ya mipango: wachezaji watano wanapita hatua kwa hatua, nani aende wapi, lini, mpira umfuate nani. Mgawaji asipokuwepo Alhamisi, hajui wenzake watatokea wapi. Anautuma mpira mahali pasipo na mtu, kama jana. Si adhabu, akasema. Kumweka benchi ni kumkinga asichekwe. Jaketi amekosa Alhamisi saba kati ya nane. Akiulizwa husema ana kazi nyumbani, basi. Haongezi neno.

Kocha akanitazama. Mimi nikautazama ukuta. Una ufa mrefu ukuta ule. Sikuwahi kuuchunguza vizuri.

Akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kukaa nami siku hiyo. Nikasema hakuna kabisa. Wakati huo huo Kinyozi, dirishani kwake, alikuwa anaimba kwa sauti ya mtu asiye na kazi yoyote duniani.

Ameahidi hatanitaja. Barua ameniachia. Mlangoni akageuka akasema: Mkaguzi, yule mtoto ana jicho. Anaiona nafasi kabla haijafunguka. Hilo halifundishwi. Mengine yote yanafundishwa, lakini Alhamisi.

Jumanne, 12 Machi

Leo mimi ni mtu mpya. Nilimwita Jaketi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba Alhamisi ndizo zinazomweka benchi. Akauliza nani kaniambia. Nikasema mkaguzi ana vyanzo vyake.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavuta uzi wa shuka. Akasema, Babu, mechi zitakuwepo tu. Mwakani zitakuwepo. Mwaka utakaofuata zitakuwepo. Lakini...

Hakuimaliza sentensi, nami sikumsaidia kuimaliza. Uzi ukakatika. Akaniambia nisiseme kwa mama.

Nimetunga mpango ulio bora kuliko yote ya maisha yangu. Kinyozi aje. Nimekubali! Nimemtangazia binti yangu kwamba kuanzia wiki hii Alhamisi sitaumwa. Akasimamisha cherehani. Akauliza, Baba, mtu anaahidije kutoumwa? Nikamwambia ni suala la nidhamu.

Jumatano, 13 Machi

Kifua si kizuri tangu asubuhi. Hata hivyo nimemwandalia Kinyozi kanuni za kukaa na mgonjwa, aya nane. Asiimbe. Asitaje idadi ya dakika za mtu yeyote. Asiguse mto wangu. Binti yangu alimpelekea. Kinyozi kanirudishia karatasi hiyo hiyo, nyuma yake kaandika kwa penseli: "Mgonjwa naye asiongee sana." Na haikuwa na namba. Ushenzi.

Alhamisi, 14 Machi

Saa tisa na robo: mzima. Saa tisa na dakika ishirini na tano: mzima. Saa tisa na nusu Jaketi aliketi kufunga kamba za raba. Akafunga ya kulia. Akafunga ya kushoto, fundo mara mbili. Akasimama. Chumba kikawa kikubwa ghafla.

Kifua kikanibana.

Alianza kushusha begi. Lakini Kinyozi, aliyewahi kufika na drafti kwapani, akaniinamia akaweka sikio kifuani pangu kama fundi redio. Akasikiliza. Akasema moyo huu unadunda vizuri kuliko mipira yote ya huko, nenda mwanangu, akifa nitakuita. Nikamwambia hana elimu ya tiba. Akasema amenyoa madaktari watatu.

Jaketi alisimama mlangoni muda mrefu. Macho kwangu, begi nusu begani. Nilijua nikikohoa mara moja tu, atabaki. Kikohozi nilikuwa nacho, kimeshafika kooni.

Nikakimeza. Akaenda. Nilizisikia raba zake mpaka kwenye kona, kisha sikuzisikia.

Saa tatu nzima na Kinyozi! Akaninyoa ndevu bila kuombwa. Akanifunga drafti mara nne, anakula kete huku anaimba, kinyume cha aya ya kwanza. Halafu akaacha kuimba, jambo lisilo la kawaida, akasema ananionea wivu. Nikadhani ananitania. Akasema Kimbunga wake akirudi hula amesimama, huoga, hulala. Hajui hata kwamba babu yake amehamia chumba cha nyuma tangu mwezi uliopita. Watu wa ukumbini wanapewa dakika thelathini na tatu. Yeye Kinyozi anapata mbili, za kuulizwa soksi ziko wapi. Wako, akasema, anakukata kucha.

Nilimwonea huruma sana. Nikaitumia nafasi hiyo kumla kete mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Jaketi alirudi jana saa moja, jasho linang'aa, akaenda jikoni moja kwa moja. Alimweleza mama yake mipango yote kwa vikombe: hiki mimi, hiki Kimbunga, sufuria ndiyo goli. Nilisikia vicheko vyao kupitia ukuta. Nikamwita anieleze na mimi. Akaja, akanipangia chupa zangu za dawa juu ya blanketi, akaanza. Katikati ya mpango wa pili akapiga miayo. Akaomba radhi. Akapiga mwingine.

Sikuzoea. Alhamisi zote huwa tunafika mia nne.

Nimeandika rasimu ya barua kwa wakuu wa mchezo, nikishauri mazoezi ya Alhamisi yafutwe kote kwa sababu za kiafya. Aya saba. Safari hii wino wa bluu, mtu hujifunza. Lakini muuguzi alipokuja sikumpa. Ipo chini ya godoro. Akiba haiozi.

Jumamosi, 16 Machi

Kifua kimenibana leo saa sita mchana. Kweli kabisa. Ilikuwa kama mtu mzito aliyekuja kunikalia bila kubisha hodi. Mkono wa kushoto ukawa si wangu. Binti yangu alikuwa sokoni. Jaketi alikuwa uani, chini ya dirisha langu, anapitia mipango peke yake, anawaita wenzake ambao hawapo. Kulia! Nenda! Nyuma yangu!

Dirisha lilikuwa wazi. Ningeita kwa sauti ya kawaida tu angesikia.

Sikuita. Nikahesabu madundo. Yalipofika mia mbili na kitu, yule mtu mzito akainuka akaenda zake.

Sijamwambia yeyote. Kesho kuna mechi.

Jumapili, 17 Machi

Mechi! Niandike mambo kwa mpangilio, ingawa mkono unakimbia.

Kiti changu kiliwekwa mbali na benchi, amri ya binti yangu. Kinyozi pembeni yangu, amri yake mwenyewe. Robo ya pili Kimbunga akapata faulo ya tatu, na ya tano humtoa mtu mchezoni. Kocha akageuka, akanyoosha kidole. Jaketi akatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Kisha akapigana na zipu. Ikakwama! Msimu mzima haijafunguliwa kwa haraka. Wenzake wawili wakalivuta lile jaketi kupitia kichwani, kama watu wanaovua mto foronya yake.

Mpira wa kwanza akaporwa. Wa pili ukatoka nje. Kinyozi akafumba macho, yeye, si mimi. Nikamtazama kocha. Nilijua sasa anamtoa. Kocha akashusha kiganja taratibu, kama anayemlaza mtoto, akamwacha.

Halafu Jaketi akapanda na mpira kwa mkono wa kushoto. Akatazama kulia. Ukumbi mzima ukatazama kulia, hata mimi. Mpira ukaenda kushoto, mahali pasipo na mtu. Nikasema, Mungu wangu, tena! Na mtu akatokea. Yule dada mrefu alifika pamoja na mpira, akauweka kikapuni bila haraka, kama anayerudisha kikombe kabatini. Kinyozi akanikumbatia, kiti kikarudi nyuma, binti yangu akapiga kelele kwamba tutamuua mzee. Nilikuwa nalia. Kinyozi akadai ni jasho lake limenidondokea. Nikamwachia aseme hivyo.

Dakika kumi na moja. Za saa inayosimama. Najua siku hizi. Pointi mbili. Pasi nne zilizozaa kikapu. Mipira mitano iliyopotea. Tumefungwa kwa pointi tatu, na hapa kwetu hakuna aliyejali.

Alikuja mbio, akapiga magoti mbele ya kiti, akauliza: Babu, umeona? Nikasema nimeona. Akauliza, ile ya kushoto, umeiona? Nikasema nimeiona. Nilikuwa na hotuba, nimeiandaa tangu msimu uanze. Yote ilinitoka kichwani. Nikamfuta jasho la paji kwa mkono wa shati langu.

Kocha akapita. Akasema Jumapili ijayo Jaketi na Kimbunga wataanza pamoja, mmoja agawe, mwingine afunge. Dakika ishirini na zaidi. Mradi Alhamisi asikose. Jaketi akanigeukia, akauliza kama nitaweza kukaa na Kinyozi tena. Nikasema bila shaka. Kinyozi akasema hata godoro lake anaweza kulihamishia kwangu.

Sasa jua linazama. Wote wako jikoni, nasikia vikombe vinapangwa. Nimemwona akicheza. Ombi langu limetimia, na mtu mwenye akili angeshukuru akafunga daftari.

Lakini nimepiga hesabu. Daktari hakutaja wiki, ila mkaguzi huziona takwimu hata zikifichwa. Kwa miguu hii na kwa kile cha jana, ni Alhamisi nne. Pengine tatu. Yeye ana msimu wa pili mbele yake, na wa tatu, na wa kumi. Dakika ishirini ni nyingi mno kwa mtoto wa msimu wa kwanza. Haraka ya nini?

Kwa hiyo nimemwita binti yangu, nikamwambia kwa sauti ya mbali kwamba nahisi hali fulani inanijia. Akatupa kitambaa cha vyombo, akanishika mkono, akauliza inakuja lini. Nikasema sina hakika. Nikasema naona kama Alhamisi hivi, kwenye saa tisa na nusu.

Daftari hili watalifungua nikishakwenda, na atakayelisoma kwa sauti ni Jaketi, maana ndiye msomaji wa nyumba hii. Basi mjukuu wangu, soma na hapa, usiruke. Jumatatu kifua kimepata kunibana. Jumatano kimenibana. Jana kilitaka kuniua. Alhamisi hakijapata kunibana hata mara moja.